Watasema

Tulimpa jina hilo kwa makusudi,
mama mkwe na mimi, mwaka ule wa kesi ya mpaka,
ili kila jioni nimwitapo kwa sauti
Mmboga asikie bila kutajwa:
Watasema! Watasema, njoo ule!
Naye akatafuta mbwa wake,
akamwita Tumesikia.

Kisha wangu akaugua, na kweli wakasema.

Ilianza kiwikoni, doa kama senti,
likapanda masikioni, likazunguka macho,
manyoya yakanyonyoka mafungu mafungu
hadi ngozi ikawa ya kijivu, nene,
kama kiatu kilichosahauliwa juani.
Usiku alijikuna, mguu ukigonga mlango,
du, du, du,
kama mtu anayebisha hodi
asiyetaka kufunguliwa.

Walisema ni jicho baya. Walisema ni mzoga alioula.
Kegode wa gereji pale Chavakali
akaleta oili chafu katika mkebe wa rangi:
"Mpake, dada. Baba alipaka, wakapona."
Nikampaka. Nani angenikumbusha
kwamba mbwa hujiramba?
Siku mbili alitapika povu nyuma ya jiko,
akanitazama bila kunilaumu,
na hilo ndilo lililoniuma.

Nami nilikuwa na langu la kuficha:
vipele vyekundu tumboni na mikononi,
vinavyoamka nikishajifunika blanketi.
Kanisani nilivaa mikono mirefu, jua la Februari,
nikaimba huku nikijikuna
kwa pembe ya kitabu cha nyimbo.

Daktari wa mifugo alitoka Mbale kwa pikipiki,
Kageha, msichana mwembamba, mabuti yamejaa tope.
Hakuuliza majirani wamesema nini.
Alichuchumaa, akashika ncha ya sikio,
akaisugua kwa kidole gumba, taratibu,
kama mama anayechagua kitambaa sokoni,
na mguu wa nyuma ukaanza kukuna hewa!
Akaacha, ukatulia. Akasugua, ukakuna.
Asava wangu akacheka hadi akakaa chini.
"Mguu umemtaja mwizi," daktari akasema.

Akakwangua kwa wembe mpaka damu ikachungulia,
maana mwizi huyu hakai barazani,
huchimba handaki na kutaga humo.
Tone la mafuta, kipande cha kioo,
hadubini kuukuu juu ya pipa la maji.
Nikafumba jicho moja.
Kitu cha mviringo, miguu minane mifupi,
kikipapasa kama kipofu aliyeangusha ufunguo.
Huyo ndiye mchawi wetu.
Hajui hata kesi iko mahakama gani.

"Yuko mwingine, mwembamba kama njiti," akasema,
"mtoto humpata kwa mama akinyonya, naye haambukizi.
Huyu wako anaambukiza.
Hebu nione mikono yako."
Nikakunja blauzi mbele ya mbwa wangu.
"Wewe, zahanati. Dawa yake si yako."

Tulimpima kwa mizani ya kinu cha posho,
kilo kumi na nne, tukatoa ya gunia.
"Kipimo ni uzito," akasema, "si huruma."
Sindano moja leo, nyingine baada ya wiki mbili,
kwa sababu mayai hayasikii dawa,
yanangoja tu zamu yao.
Tukachoma magunia aliyolalia,
tukachemsha mablanketi, tukapaka chokaa kibanda.

Akiwa ameshavaa kofia yake ya pikipiki akanigeukia:
"Na yule wa ng'ambo ya ua? Nimemwona akijikuna.
Ukitibu mmoja, mwingine atakurudishia.
Mbwa hawana hati ya shamba."

Sikuwa nimekanyaga kwa Mmboga miaka minne.
Nilisimama kwenye lile jiwe la mpaka,
lile lile,
nikaita jina la mbwa badala ya mwenyewe.
Akatoka. Akamshika Tumesikia shingo,
mimi nikashika miguu.
Hatukuzungumza ila "Mshike vizuri"
na "Nimemshika."

Kesi itasikizwa Agosti.
Manyoya yameota, meupe kidogo kuzunguka macho.
Jana nilimsugua sikio Watasema,
nikangoja.
Mguu ulinyamaza.